Mzungu wa Kazi na Shule Zetu za Simiyu

Tangu mtaala mpya wa elimu uanze kutumika kwa hatua mwaka 2024, neno moja limekuwa likirudiwa katika vikao vya wazazi, katika mabaraza ya kata na katika ofisi za elimu za mkoa wetu. Neno lenyewe ni amali. Kwa mujibu wa mtaala huo, baadhi ya shule za sekondari zina mkondo wa pili pembeni mwa ule wa elimu ya jumla, ili kijana asome vitabu na papo hapo ajifunze kazi ya mikono.

Wako wazazi walioupokea mkondo huo kwa mashaka. Mzazi wa Zagayu aliyeuza ng'ombe ili amsomeshe mwanawe hapendi kusikia kwamba mtoto huyo atashika tupa na nyundo. Kwake ufundi ni adhabu ya aliyeshindwa darasani, na kalamu ni tunzo ya aliyefaulu. Mashaka hayo twayafahamu, wala hayakuzaliwa na mzazi huyo. Ni urithi wa zama ambazo msomi alikuwa karani wa Bwana Shauri, na mwenye mikono michafu alihesabiwa kuwa hakusoma. Lakini kuyafahamu si kuyakubali. Wazee wetu wa pwani walikwisha kutamka hukumu zamani: elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Leo tumeona yafaa kuyajibu mashaka hayo kwa kusimulia habari za mwalimu mmoja ambaye si wa taifa letu, wala si wa dini yetu sisi tuandikao, na ambaye katika mambo kadhaa alikuwa upande usio wetu. Hata hivyo mtu huyo alifanya kazi na kufia upande huu wa kusini wa Ziwa Viktoria, na alilolifanya linatuhusu kuliko tunavyodhani. Jina lake Alexander Mackay. Waliomwona akifanya kazi walimwita Mzungu wa Kazi.

MWANA WA MCHUNGAJI

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, upande wa Aberdeen, nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la huko, na ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Kijana alisomea ualimu katika chuo cha kanisa hilo mjini Edinburgh, kisha akaingia Chuo Kikuu kusomea uhandisi. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani, akafanya kazi Berlin ya kuchora na kubuni mitambo. Chombo kimoja cha kilimo alichokibuni kilipata tuzo ya kwanza katika maonyesho ya mjini Breslau.

Wasomaji watazame mpango huo wa elimu yake: ualimu kwanza, uhandisi baadaye, na karakana juu ya vyote viwili. Hakuona kwamba kimoja kinamwondoa katika kingine.

Mwezi Novemba 1875 gazeti moja la London lilichapa barua ya msafiri Henry Stanley, ambaye mwaka huo alikuwa amepita Usukuma na kuishusha mashua yake ziwani katika kijiji cha Kagei. Barua hiyo ilitoka kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, nayo iliomba walimu. Stanley aliandika kwamba wanaotakiwa si wahubiri watupu. Wanatakiwa watu wawezao kufundisha pia kujenga, kulima na kutibu. Mackay akajitolea kwa shirika la CMS la Waanglikana. Tarehe 27 Aprili 1876 aliondoka Southampton pamoja na wenzake, wote wakiwa wanane. Katika mkutano wa kuagana aliwaonya wakuu wa shirika wasishangae wakisikia kabla ya miezi sita kwamba mmoja wao amekwisha kufa. Haikupita hata nusu ya muda huo tangu wafike pwani. Fundi wao wa ujenzi, Robertson, alifia Unguja mwezi Agosti.

NJIA YA KAGEI

Mackay mwenyewe aliugua njiani akarudishwa pwani. Hakukaa bure. Mwaka 1877 alisimamia ukataji wa njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, mwendo wa kilomita zipatazo 370. Magari hayo hayakufaa sana, kwa sababu mbung'o na maradhi viliwamaliza maksai. Jambo ambalo mfugaji wa Simiyu hahitaji kuelezwa. Lakini katika miezi hiyo ya pwani alipata silaha iliyomfaa kuliko gari lolote, nayo ni Kiswahili.

Alipofika Kagei katikati ya mwaka 1878 alikuta msiba na uharibifu. Tabibu wa msafara, John Smith, alikuwa amekufa na kuzikwa hapo mwaka uliotangulia. Mwezi Desemba 1877 wenzake wengine wawili, Shergold Smith na O'Neill, walikuwa wameuawa Ukerewe katika ugomvi uliokuwapo baina ya mtemi Lukonge na mfanyabiashara aitwaye Songoro. Mizigo ilikuwa imelundikana ghalani, vyuma vimeota kutu, vitabu vimelowa, na mashua yao iitwayo Daisy inavuja. Mackay alikwenda Ukerewe kuonana na Lukonge huyo huyo ana kwa ana, akarudi salama. Kisha akaanza kuchambua kilichobaki, kipande kwa kipande.

Katika safari ya kuvuka kwenda Buganda, Daisy ilipigwa na dhoruba ikatupwa ufukweni. Mackay hakuwa na mbao za kutosha kuitengeneza. Aliikata mashua, akaondoa kipande cha katikati, akatumia mbao zake kuziba mbele na nyuma, kisha akaviunganisha vipande viwili vilivyobaki. Kazi hiyo ilichukua wiki nane. Waliingia Buganda mwezi Novemba 1878 katika chombo kilichokuwa kifupi kuliko kilivyotengenezwa, lakini chenye kuelea.

KARAKANA ILIYOKUWA DARASA

Kituo chake kilikuwa Nateete, karibu na makao ya Kabaka. Alijenga kibanda cha kazi, akaweka fuawe, mivuo, jiwe la kunolea linalozunguka na mashine ya kukereza. Watu walijaa kutazama. Kwao gurudumu lilikuwa jambo geni, na waliona ajabu kubwa zaidi alipochimba kisima, akaweka pampu, na maji yakapanda juu yenyewe kutoka shimoni. Wakasema ni uganga. Yeye akawafafanulia kwamba hakuna uganga, na akawaonyesha kifaa kilivyo ndani.

Hapo ndipo tunapopenda msomaji asimame kidogo. Fundi mwingine angeweza kuitumia hofu ile ajifanye mkubwa. Angeweza kufunga mlango na kuuza maji. Huyu alikifungua kifaa mbele ya watu. Mwenye kufumbua siri ya chombo anamfanya mtazamaji kuwa mwanafunzi, na mwenye kuificha anamfanya kuwa mtumwa wa chombo hicho. Tofauti hiyo ndiyo tofauti baina ya elimu na utawala.

Vijana waliokuja kutazama chuma walibaki kujifunza herufi. Mackay alikuwa na mtambo mdogo wa chapa, na herufi zilipopungua alizichonga mwenyewe. Alichapa karatasi za alfabeti na za kujifunzia kusoma, zikasambaa. Huku anafua, huku anasikiliza mtoto anavyoendelesha maneno. Vitabu vya mwanzo alivyovitegemea vilikuwa vya Kiswahili, tafsiri za Askofu Edward Steere wa Unguja, kwa maana Kiswahili kilikuwa kinafahamika katika baraza la Mutesa. Baadaye, yeye na wenzake pamoja na wanafunzi wao wa Kiganda walianza kutafsiri kwa Kiganda, na Injili ya Mathayo ikachapwa kwa lugha hiyo.

Mwaka 1882 mama yake Kabaka alipofariki, Mackay aliombwa kutengeneza jeneza. Lilikuwa kubwa la kustaajabisha, na mikono ya mafundi wa Kiganda ilishirikiana na yake usiku na mchana. Hakudhani kwamba kazi hiyo inamshusha hadhi ya ualimu.

KALAMU ILIYOTANGULIA

Haki yataka tuseme na hili. Mackay hakuukuta ukurasa mtupu. Dini ya Kiislamu ilikwisha kufika Buganda tangu mwaka 1844, wakati wa Kabaka Suna, pamoja na wafanyabiashara kutoka Unguja. Mutesa alijifunza kuandika kwa herufi za Kiarabu, akafunga Ramadhani miaka kadhaa. Mwaka 1876, miaka miwili kabla Mackay hajafika, vijana wengi Waislamu waliuawa kwa amri ya Kabaka huyo kwa sababu walikataa kula nyama isiyochinjwa kwa sheria ya dini yao. Mpaka leo katika Kiganda neno la kusoma limebeba pia maana ya kuabudu, na wafuasi wa dini zote mbili waliitwa wasomaji.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali twafahamu maana ya jambo hili. Mtoto aliyeshika ubao na kalamu ya tete, akaanza na alifu, alikwisha kuvuka mto mkubwa kabla hajaiona a, e, i, o, u ubaoni mwa mwalimu. Mackay alikuta watu waliokwisha kujua kwamba alama zilizoandikwa hubeba maneno. Aliwapa herufi nyingine na akawaongezea fuawe. Historia inayosema kwamba elimu iliingia Afrika Mashariki kwa mlango mmoja tu inasema nusu ya kweli.

LAWAMA ZAKE

Hatuandiki sifa tupu. Mackay alikuwa mtu mkali wa ulimi. Katika baraza la Mutesa alibishana na wafanyabiashara Waislamu, na mapadri wa Kikatoliki walipofika mwaka 1879 akabishana nao mbele ya Kabaka. Mfalme alikaa akiwatazama wageni wakitupiana maneno kuhusu Mungu, na huenda alifurahi kuona hawapatani. Ni kweli kwamba Mackay aliulaani uwazi kwa uwazi ufanyaji biashara ya watumwa, na kwa hilo anastahili heshima. Lakini mbegu ya makundi ilipandwa pale, na wenye kuipanda walikuwa wengi.

Mutesa alifariki mwezi Oktoba 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni walichomwa moto. Oktoba mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga. Mwaka 1886 wasomaji wengi, Waprotestanti na Wakatoliki, waliuawa, baadhi yao Namugongo. Miaka miwili baadaye, makundi ya wasomaji wa dini zote tatu yaliungana kumpindua Mwanga, kisha yakageukiana yenyewe kwa bunduki. Watu waliofundishwa kusoma hawakuwa wamefundishwa kuvumiliana. Taifa letu, ambalo msikiti na kanisa vinatazamana mtaa mmoja bila ya ugomvi, halina budi kulikumbuka hilo kila siku.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Katika miaka yake ya mwisho Mackay alitaka nchi yake iingize mkono wake katika mambo ya bara hili. Hakuishi kuyaona matokeo. Tarehe 1 Julai 1890, miezi michache baada ya kifo chake, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana nchi zetu, na mstari ukakatwa katikati ya ziwa alilokuwa amelivuka mara nyingi kwa mashua ya viraka. Mwalimu aliyefungua pampu mbele ya watu hakuona kwamba watu hao hao wangeweza kujitawala. Ubeberu haukuja na majambazi peke yao. Ulikuja pia na watu wema waliodhani wanatusaidia. Tukisema hivyo hatumtukani marehemu. Twajifunza kupima kila zawadi kwa macho mawili.

USAMBIRO

Mwezi Julai 1887 Mwanga alimfukuza, akavuka kuja kusini, akaweka kituo Usambiro. Hapo aliendelea kama alivyokuwa. Alikata miti, akatengeneza gari la kuikokotea, akaanza kuunda chombo cha kwenda kwa mvuke kwa ajili ya ziwa, na jioni akatafsiri na kuchapa. Wasomaji walivuka kutoka Buganda kumfuata awape vitabu.

Katika maandishi yake ya Usambiro alitoa shauri ambalo wakubwa wake hawakulitekeleza kwa haraka. Alisema kwamba kutawanya Wazungu wachache wachache katika bara zima ni kupoteza roho zao na fedha. Afadhali viwepo vituo vichache vilivyo imara, na kila kituo kiwe chuo cha kuwafundisha Waafrika kuwa walimu wa Waafrika wenzao. Huyu ndiye Mackay tunayemkubali bila ya shaka. Alikwisha kutambua kwamba kazi ya mwalimu mgeni ni kujifanya asihitajike.

Mwezi Agosti 1889 Stanley alipita Usambiro pamoja na Emin Pasha na msafara wao, wakakaa siku zipatazo ishirini. Stanley alimtaka waondoke pamoja. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita bila Mackay kuiona nchi ya kwao. Alikataa, akasema atangoja mtu wa kushika nafasi yake. Tarehe 8 Februari 1890 homa ya malaria ilimwua akiwa na umri wa miaka arobaini. Chombo chake cha mvuke hakikuwa kimekwisha. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishwa yakazikwa upya penye kanisa kuu la Namirembe, Kampala.

Hapa katika mkoa wetu, alama ya shirika lake ilibaki Nassa, iliyo sasa katika Wilaya ya Busega. Mwaka 1909 CMS iliikabidhi Nassa kwa misheni ya Africa Inland, ambayo kazi yake ilisambaa Usukuma.

DENI LETU

Kwa nini tumeyasimulia haya kwa msomaji wa Simiyu? Kwa sababu historia yetu wenyewe yathibitisha kwamba kisomo chenye kushikana na kazi ndicho kilichotukomboa. Mkulima wa pamba wa Usukuma alipunjwa miaka mingi mizanini na wanunuzi. Wakulima walipoweka watu wao wa kusoma mizani, herufi na tarakimu ziligeuka kuwa silaha, na kutokana na juhudi hizo kikazaliwa mwaka 1955 Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, kikiongozwa na Ndugu Paul Bomani. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akikataa shule inayomtenga kijana na jembe la wazazi wake. Kuanzia mwaka 1968 mikoa ya ziwa, pamoja na Shinyanga ambayo Bariadi ilikuwa ndani yake, ilichaguliwa kwa majaribio ya kisomo cha watu wazima chenye manufaa. Wazee wetu walijifunza kusoma katika vitabu vilivyozungumza habari za pamba na ng'ombe, siyo habari za theluji.

Basi mkondo wa amali si jambo geni lililoletwa kutuvuruga. Ni deni la zamani ambalo hatukulilipa lote. Katika shule nyingi Elimu ya Kujitegemea iligeuka kuwa saa za kulima shamba la shule kwa fimbo, na mtoto akachukia jembe badala ya kulielewa. Kosa hilo lisirudiwe. Kumpa mwanafunzi kazi bila maarifa ni kumtumikisha. Kumpa maarifa bila kazi ni kumpamba.

Kwa hiyo tunasema mambo matatu.

Kwanza, karakana iwe karakana. Mkondo wa amali usiokuwa na fuawe, tupa, mbao wala umeme ni jina ubaoni. Halmashauri zetu zinapopanga bajeti zikumbuke kwamba Mackay alianza na vyuma vilivyoota kutu, lakini alikuwa na vyuma. Wafua vyuma na waunda mikokoteni walioko vijijini, wanaotengeneza plau zetu kila msimu wa mvua, waitwe shuleni wafundishe. Wengi wao hawana vyeti, lakini mikono yao inajua.

Pili, mwalimu afunue kifaa. Mwanafunzi wa Zagayu asiambiwe tu kwamba pampu inavuta maji. Aifungue, aione vali ilivyo, aifunge tena ifanye kazi. Na aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Mtu aliyetoka Uskoti alijifunza Kiswahili kwanza ndipo akafundisha. Ni aibu kwa Mswahili kumfundisha Mswahili mwenziwe kukaza nati kwa lugha ambayo wote wawili wanaibahatisha.

Tatu, wazazi waache kuupanga ufundi chini ya kitabu. Kijana awezaye kuunda plau, kupiga hesabu ya gharama zake na kuandika mkataba wa kuiuza, huyo ni msomi kamili. Hatamngoja mtu ampe ajira, wala hatauza ng'ombe wa babake ili kutafuta cheti kingine.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, akafanya mema, akakosea katika mengine, akafa akiwa na nyundo mkononi. Kupona au kutopona kunatutegemea sisi wenyeji. Mlango wa karakana umefunguliwa; viongozi wa kata, walimu na wazazi tuwasindikize watoto wetu kuingia.